Chakula cha Kigeni Katika Chungu cha Nyumbani

Msomaji mpenzi, ukisikia neno uhakiki hapana shaka fikira zako hukimbilia vitabu. Huwaza shairi ambalo mizani yake imepungua, au riwaya ambayo mwisho wake haukufungamana na mwanzo. Ni haki kuwaza hivyo, kwa kuwa shuleni ndivyo tunavyofundisha. Walakini uhakiki si kazi ya vitabu peke yake. Kuhakiki ni kutazama kitu kwa makini, kukipima kwa kipimo kinachokistahili, na kutoa hukumu ambayo mtu anaweza kuieleza sababu zake. Seremala huhakiki kiti, mfinyanzi huhakiki chungu, na kila siku watu wasiohesabika huhakiki chakula bila ya kujua kuwa wanahakiki. Mmoja husema kimekosa chumvi, mwingine husema kimezidi moto, na mzee aliyeketi pembeni husema kuwa marehemu mama yake hakukipika hivyo. Hukumu hizo ni fupi, lakini ni hukumu.

Katika insha hii nataka tuhakiki pamoja aina moja ya chakula, nacho ni kile kilichozaliwa katika nchi nyingine kikaja kupikwa nyumbani kwetu. Sizungumzii vyakula vya hoteli kubwa, ambako mpishi hulipwa mshahara na mahitaji huagizwa ng'ambo. Nazungumzia sufuria ya mama, ya baba, ya shangazi au ya dada. Sufuria inayopikiwa mafiga, jiko la makaa au jiko la gesi, kwa vitu vilivyopatikana sokoni siku ile na kwa fedha zilizokuwamo mfukoni. Swali langu ni moja: chakula kama hicho kipimwe kwa mizani gani? Nalichagua swali hili kwa sababu niliwahi kulijibu vibaya mbele ya watu, na jibu langu likamwumiza mtu asiyestahili kuumia. Niwie radhi nikikusimulia jambo hilo kwanza, maana hoja zangu zote zimetoka humo.

Ilikuwa miaka michache baada ya mimi kutoka chuo cha ualimu. Nilikuwa na cheti kipya na hakika nyingi. Shule moja, ambayo haina haja ya kutajwa, iliandaa mashindano ya mapishi ya dunia. Kila mwanafunzi alipewa nchi moja, na pamoja na nchi hiyo alipewa ukurasa wa kitabu wenye maelezo na picha. Mmoja alipewa Ufaransa, mwingine Uchina, mwingine Bara Hindi, mwingine Meksiko. Mimi niliombwa kuwa mwamuzi, nami sikukataa, ingawa somo langu ni lugha na jikoni nilikuwa mgeni. Nilipita kati ya meza, kalamu mkononi na kitabu kwapani. Mbele ya kila sahani nilifungua kitabu, nikatazama picha, kisha nikatazama sahani. Sahani iliyofanana na picha ilipata alama nyingi. Ile isiyofanana ilipata chache.

Msichana mmoja wa kidato cha pili alikuwa amepewa Italia. Kitabu kilimwagiza tambi ndefu, nyanya, mafuta ya zeituni, na jibini iliyokunwa. Kwao ni karibu na Ziwa Victoria. Mafuta ya zeituni hayakupatikana katika duka la jirani, na jibini bei yake ilishinda matumizi ya nyumba yao kwa siku kadhaa. Tambi alizipata, na nyanya alizipata. Akachukua omena, samaki wadogo wa ziwani waliokaushwa juani, akawaosha, akawakaanga kwa kitunguu na pilipili mpaka wakawa wakavu wa kuvunjika. Akapika nyanya zake mpaka maji yakauke, akachanganya na tambi, akakamulia ndimu. Jibini hakuwa nayo. Basi akachukua ukoko wa ugali uliobaki chunguni, akaukausha motoni, akauponda, na zile chenga za rangi ya dhahabu akazinyunyiza juu ya chakula.

Nilitazama picha. Nilitazama sahani. Nikaandika alama 4 katika 20, na kando ya alama nikaandika maneno mawili: "Si Italia." Zawadi nikampa kijana ambaye tambi zake zilikuwa nyeupe chini na nyekundu juu sawasawa na picha. Baadaye niliambiwa kuwa tambi zile zilikuwa mbichi ndani.

Watu walipoanza kutawanyika yule msichana alinijia, mikono yake ameifumbata nyuma, akaniambia kwa adabu, "Samahani, Mwalimu. Changu hukukionja."

Sikuwa na la kusema, maana alisema kweli. Nilikuwa nimetoa hukumu juu ya chakula bila ya kutia hata kijiko kimoja kinywani. Ni sawa na mtu ahakikiye shairi kwa kutazama urefu wa mistari yake. Nilimjibu kuwa muda umekwisha, nikaenda zangu. Jibu lile limekuwa mwiba katika unyayo wangu tangu siku hiyo.

Sasa, msomaji, natuyachungue makosa yangu moja moja. Kutoonja kulikuwa kosa la uvivu, nalo halina maelezo marefu. Lakini chini yake palikuwa na kosa la fikira, na hili ndilo linalofaa kuchunguzwa, kwa kuwa wengi tunalo. Nilidhani ya kwamba kila nchi ina chakula chake kilichotoka ardhini mwake kikiwa kamili, kisichoguswa na mkono wa mgeni. Na kwamba wajibu wa mpishi wa nchi nyingine ni kukinakili, kama mwanafunzi anavyonakili ramani.

Hebu tuipime dhana hiyo kwa vyakula vyetu wenyewe. Tuchukue githeri. Ni nani miongoni mwetu asemaye kuwa githeri ni chakula cha kigeni? Hata hivyo mahindi yalianza kulimwa katika bara la Amerika, na jamii ya maharagwe tunayoipika sana ilianzia huko huko. Mazao hayo yalivuka bahari baada ya safari ya Kolumbasi ya mwaka 1492, na Wareno walikuwa miongoni mwa walioyaeneza. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini. Nyanya, pilipili kali, njugu nyasa na viazi vitamu vilitoka Amerika pia. Ugali wa mahindi meupe, ambao wengi huuona kuwa ndio mzizi wa chakula chetu, umechukua nafasi ambayo zamani ilikuwa ya mtama na wimbi. Bibi wa bibi zetu wangeutazama ugali wetu kwa jicho lile lile nililotazamia sahani ya yule msichana.

Lugha yetu inakumbuka safari hizo, ijapokuwa mara nyingine inakumbuka vibaya. Neno mahindi lina sauti ya Uhindi ndani yake, ingawa zao lenyewe halikuanzia huko. Pilipili manga tumeiita kwa jina la Manga, yaani Uarabuni, ingawa mmea wake ni wa Malabar katika Bara Hindi. Tulimwona baharia aliyeileta, hatukumwona mkulima. Viazi tuviitavyo viazi ulaya ni zao la milima ya Andes, na Ulaya ilikuwa kituo cha njiani tu. Majina haya matatu yanatueleza mlango ambao wageni hao walidhaniwa wameingilia, lakini hayatuelezi walizaliwa wapi.

Au tuwatazame wenyeji wa Pwani. Msafiri Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331, akaandika ya kwamba chakula cha watu wa kisiwa kile kilikuwa ndizi na samaki, na kwamba nafaka waliletewa kutoka nje. Leo mgeni akifika Mombasa siku ya harusi hutarajia pilau au biriani. Majina hayo yote mawili ni ya Kiajemi. Iliki, dalasini na karafuu zimekuja na majina yao kutoka ng'ambo ya bahari. Na karafuu, ambayo leo hutajwa pamoja na Unguja na Pemba kama ndugu, ni mti wa visiwa vya Maluku, nayo ilifika Unguja katika karne ya 19. Basi tukisema kuwa chakula kilicho halisi ni kile ambacho hakikuchanganyika, itatubidi tumwage karibu kila kilichomo chunguni.

Pengine utasema kuwa hayo ni ya kwetu tu, kwa sababu tuko pwani ya bahari ya biashara. La, hasha. Italia yenyewe, ile niliyoilinda kwa alama 4 katika 20, haina hali tofauti. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyekuwa katika baraza la Mfalme Roger wa Pili huko Sicily, alikamilisha kitabu chake mwaka 1154. Humo ameeleza habari za mji wa Trabia, karibu na Palermo, ambako tambi zilitengenezwa kwa wingi na kupakiwa katika merikebu kupelekwa nchi nyingine. Neno alilotumia ni la Kiarabu, itriya. Na nyanya? Nyanya zilifika Ulaya katika karne ya 16. Antonio Latini alipochapisha kitabu chake cha mapishi huko Napoli katika miaka ya 1690, sosi ya nyanya aliyoieleza aliiita ya mtindo wa Kihispania. Kumbe sosi ile ile tunayoiona kuwa ni bendera ya Italia, Mwitalia mwenyewe aliiandika kuwa ni ya kigeni.

Mfano wa mwisho ni kari. Mwaka 1747 mwanamke wa Kiingereza aitwaye Hannah Glasse alichapa kitabu cha mapishi, na ndani yake mna kari ya kuku au sungura kwa namna ya Kihindi, kama alivyoifahamu. Viungo vyake ni vichache mno: pilipili manga na giligilani, na giligilani hiyo anaagiza ikaangwe juu ya moto katika koleo safi. Mpishi wa Bara Hindi angecheka. Lakini mwaka 1810 Mhindi mmoja, Sake Dean Mahomed, alifungua nyumba ya chakula mjini London akauza vyakula vya kwao, na kidogo kidogo kari ikazoeleka Uingereza, ikawa nzito kwa unga wa ngano uliokaangwa na siagi. Baada ya Japani kufungua milango yake kwa mataifa, kari hiyo ya Kiingereza ilifika huko. Wajapani wakaila kwa wali wao, wakaipa utamu kidogo, wakaifanya chakula cha watoto na cha wanamaji. Hata leo wanamaji wa Japani hula kari siku ya Ijumaa. Je, kari ya Japani ni ya Kihindi? Siyo. Ni ya Kiingereza? Siyo. Ni mbaya kwa sababu hiyo? Aionjaye ndiye ajuaye.

Hapa, msomaji, nakuona unataka kunishika mkono. Utaniuliza, "Je, Mwalimu, unasema basi kila kitu ni halali? Mtu akichemsha viazi kwa maji na unga wa manjano wa dukani, akaviita kari, tumpigie makofi?" Hapana. Kukubali kuwa chakula husafiri si kukubali kuwa kila kifikacho kimefika salama. Ndiyo maana twahitaji mizani. Mimi napendekeza mizani ya vipimo vitatu, na nitavijaribu mbele yako juu ya vyakula unavyovijua, ili uone kama vinafanya kazi.

Kipimo cha kwanza ni ufahamu. Mpishi anapobadili kitu, je, anajua kazi ya kile alichokiondoa? Tazama pilau. Rangi yake ya hudhurungi na sehemu kubwa ya harufu yake hutokana na kitunguu kilichokaangwa polepole hadi kikaribie kuungua lakini kisiungue. Kazi hiyo hutaka subira na jicho. Siku hizi wako wapishi ambao kitunguu hukigeuza mara mbili tu, kisha hutia maji, mchele na kijiko cha viungo vya pakiti, na mwisho hutafuta rangi kwa kutia rangi. Mchele huiva, rangi huwako, nawe hula ukashiba. Lakini utaona kuwa ladha imesimama juu ya wali kama vumbi juu ya meza, haikuingia ndani. Kosa la mpishi huyo si kununua pakiti, kwani viungo ni viungo hata vikisagwa na mashine. Kosa lake ni kuondoa kitunguu bila kujua kuwa ndicho kilichobeba nyumba. Mwenye ufahamu huweza kupika pilau bila nyama, bila karafuu, hata kwa mchele wa bei ndogo, nayo ikawa pilau.

Kipimo cha pili ni makazi. Je, chakula kimepata makao mapya, au kinaishi kama msafiri ambaye mizigo yake bado imefungwa? Katika hili sijui mfano bora kuliko chapati. Hapana shaka wafanya biashara wa Kihindi walikuwako Pwani karne nyingi zilizopita, lakini reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, iliwaleta wafanya kazi zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, na baada yao maduka yakaenea bara. Sasa itazame chapati ya Kenya kwa makini. Chapati ya kila siku ya Bara Hindi ni nyembamba, hufanywa kwa unga wa ngano usiokobolewa, na haikunjwi kwa mafuta. Ile yenye mafuta na tabaka huitwa paratha. Mpishi wa Kenya amechukua jina la ile ya kwanza na umbo la ile ya pili. Ameukanda unga mweupe, akausukuma, akaupaka mafuta, akauzungusha kama konokono, akausukuma tena. Kisha akafanya jambo ambalo halimo katika kitabu chochote: chapati akaifanya chakula cha furaha. Huliwa Krismasi, huliwa harusini, huliwa siku mgeni alipofika; na aghalabu huliwa kwa maharagwe au ndengu. Wengine huponda malenge yaliyochemshwa wakakandia unga, nayo ikatoka ya manjano na laini. Mtoto wa Kenya akiiota chapati shuleni haoti Bara Hindi, bali anaota kwao. Kwa kipimo cha makazi, chapati imepata alama zote.

Kipimo cha tatu ni umoja. Je, vitu vilivyomo vinasaidiana, au vimekutana tu kama abiria katika matatu? Hapa natuihakiki biriani ya Pwani, maana ina jambo la kufundisha. Katika biriani mashuhuri ya Hyderabad, nyama na wali hupangwa tabaka kwa tabaka ndani ya chungu kimoja, mdomo wa chungu huzibwa kwa donge la unga, na mvuke wa nyama hupanda katika wali. Mpishi wa Mombasa au Lamu hupika vitu viwili mbali mbali. Wali huwa peke yake, mweupe wenye madoa ya rangi. Masala huwa peke yake, mazito kwa vitunguu vya kukaanga, nyanya na maziwa ya mgando. Huvikutanisha wakati wa kupakua. Je, amepata hasara? Naam, amepata. Wali wake haukunywa mvuke wa nyama, na mtu aliyezoea ile ya Hyderabad atauona umepungukiwa. Lakini amepata faida pia: masala yamekuwa na nguvu ambayo yasingekuwa nayo chini ya wali, na kila mlaji huchanganya kwa kadiri ya ulimi wake. Tazama jinsi tulivyosema, msomaji. Hatukusema hii ni sahihi na ile ni makosa. Tumesema kilichopotea na kilichopatikana. Mhakiki asiyeweza kutaja yote mawili hajamaliza kazi yake.

Mambo haya yanafanana sana na tarjuma, nami kwa kuwa ni mwalimu wa lugha sina budi kuyasema. Julius Nyerere alipoutafsiri mchezo wa Shakespeare ambao kwa Kiingereza jina lake hutaja mfanya biashara wa Venice, aliuita Mabepari wa Venisi, nao ukachapishwa mwaka 1969. Hakuandika mfanya biashara. Aliandika mabepari, neno ambalo wasomaji wake wa wakati ule walilielewa kwa uzito wake. Mtu anayetafsiri kwa kuhesabu maneno angemtoza faini. Mtu anayetafsiri kwa kufahamu angeuliza kwanza: je, neno hili linafanya kazi gani katika masikio ya hao wanaosikiliza? Anaweza kukubali au kukataa, lakini atakuwa amesoma. Chakula kilichohama ni tarjuma, na tarjuma neno kwa neno aghalabu ndiyo iliyo mbali zaidi na asili.

Sharti moja tu nataka kuliongeza, nalo ni uaminifu wa jina. Ukibadili chakula cha watu, sema kuwa umekibadili. Usimwambie mgeni kuwa hivi ndivyo wanavyokula Wachina au Wahindi, hali wewe umekifanya chako. Na usiwasahau waliokuwa nacho kabla yako. Kukiri deni hakupunguzi utamu wa chakula.

Sasa turudi kwa sahani ya yule msichana, tuihakiki kama ilivyostahili kuhakikiwa siku ile. Miaka kadhaa baada ya mashindano yale nilikuwa nikisoma juu ya mapishi ya Sicily, kisiwa kile kile cha al-Idrisi. Nikakuta ya kwamba watu wa huko wana chakula chao mashuhuri cha tambi na samaki wadogo, dagaa wa bahari yao. Nikasoma zaidi, nikakuta kuwa maskini wa huko, ambao jibini ilikuwa ghali kwao, walizoea kukaanga chenga za mkate mkavu na kuzinyunyiza juu ya tambi mahali pa jibini. Nilikiweka kitabu chini. Niliona mbele yangu omena waliokaushwa kwa mafuta, na chenga za ukoko wa ugali zenye rangi ya dhahabu.

Msichana yule hakuwa amesoma habari za Sicily. Alikuwa na tatizo lile lile walilokuwa nalo wao: tambi zipo, nyanya zipo, samaki mdogo yupo, jibini haipatikani. Naye alitumia akili ile ile. Tumpime basi. Ufahamu: alijua kuwa kazi ya jibini ilikuwa kutia chumvi na ukali kidogo, akaiweka juu ya omena, na kwamba tambi laini hutaka kitu cha kutafuna, akakiweka juu ya ukoko. Makazi: kila kitu isipokuwa tambi kilitoka katika soko la kwao na katika chungu cha kwao. Umoja: hapa siwezi kusema neno, kwa sababu umoja wa chakula hauonekani kwa macho, nami sikuonja. Alama ya tatu sitaijua kamwe. Hiyo ndiyo adhabu ya mhakiki mvivu. Hupoteza kile hasa alichoitiwa kukihukumu.

Na maneno yangu mawili, "Si Italia," yalikuwa ya uongo mara mbili. Yalikuwa ya uongo kwa sababu chakula kile kilikuwa karibu na sehemu moja ya Italia kuliko picha niliyokuwa nimeibeba kwapani. Tena yalikuwa ya uongo kwa sababu yalimwambia mtoto kwamba jiko la kwao haliwezi kuzungumza na majiko mengine ya dunia ila kwa kujikana. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi. Mtoto aliyefanya kwa uchache wake kazi ambayo wengine hawakuifanya kwa wingi wao, aliondoka akidhani kuwa uchache ule ulikuwa kosa lake.

Nilimtafuta. Wakati huo alikuwa kidato cha nne na somo la mapishi alikuwa ameliacha. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipomkosea, nikawaeleza habari za Sicily na za chenga za mkate. Alisikiliza, akatabasamu, akasema, "Haidhuru, Mwalimu. Siku ile nilikirudisha nyumbani, na wadogo zangu walikimaliza chote, wakalamba na sahani."

Basi ile hukumu niliyoshindwa kuitoa ilikuwa imekwisha kutolewa jioni ile ile, na waamuzi waliokuwa na njaa, waliotia mikono yao sahanini. Nami nakuusia wewe, msomaji, ambaye kesho utaitwa kuhakiki chakula, au kitabu, au kazi ya mwenzako. Jua kitu kimetoka wapi, lakini usikifunge huko. Uliza mtengenezaji alikuwa na nini mkononi. Taja kilichopotea na kilichopatikana. Na kabla ya hayo yote, fanya lile ambalo mwalimu wako hakulifanya: nawa mikono, keti, na uonje.